Sura ya 5: Mkojo wa Farasi Dume

Mwaka 1934 daktari aitwaye Bernhard Zondek alichapisha katika jarida la Nature taarifa fupi ambayo wenzake hawakujua waiweke wapi. Alikuwa amepima mkojo wa farasi dume, akaukuta umejaa estrojeni, homoni ambayo miaka mitano nyuma ndiyo kwanza ilikuwa imepatikana katika hali yake safi, tena kutoka kwenye mkojo wa wanawake wajawazito. Korodani za farasi huyo nazo zikaonekana kuwa miongoni mwa ghala kubwa kabisa za homoni hiyo zilizowahi kupimwa kwa mnyama yeyote. Dume lenye sifa zote za urijali lilikuwa likikojoa ile iliyoitwa homoni ya kike, kwa wingi kumpita jike asiye na mimba.

Zondek hakuwa mtu wa kubahatisha. Akiwa Berlin, yeye na Selmar Aschheim ndio walioleta kipimo cha kwanza cha mimba cha kutegemewa, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kuwadunga panya wachanga mkojo wa mwanamke na kuangalia ovari zao zinafanya nini. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 alifukuzwa kazi kwa sababu ya Uyahudi wake, akakimbilia Stockholm na baadaye Jerusalem. Wala hakuwa wa kwanza kukutana na jambo hili. Mwaka 1927 Ernst Laqueur na wenzake huko Amsterdam walikwisha kuipata homoni hiyohiyo kwenye mkojo wa wanaume wazima, wenye afya zao.

Wanasayansi wa enzi ile walikuwa wameshagawa mali: mwanamume ana yake, mwanamke ana yake. Estrojeni ya mwanamume ikabidi itafutiwe udhuru. Wengine walisema inatoka kwenye chakula. Wengine wakasema ni taka tu, mwili unaitupa. Udhuru huo ulidumu kwa miongo mingi, na mabaki yake tunayo mpaka leo vijiweni, ambako kumwambia mtu ana homoni za kike ni kumtukana.

Kikemia, umbali kati ya homoni hizi mbili ni mfupi ajabu. Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Kinaichukua testosteroni, kinaiondolea atomi moja ya kaboni, kinapanga upya pete yake ya kwanza, na testosteroni imekuwa estradioli, estrojeni yenye nguvu kuliko zote. Kazi hii hufanyika kwenye mafuta ya mwili, kwenye mifupa, kwenye ubongo, na ndani ya korodani zenyewe. Kila mwanamume anayesoma ukurasa huu anaifanya sasa hivi. Asingeifanya, huenda asingeweza kuzaa. Na akiifanya kupita kiasi, anaweza kukosa mtoto vilevile.

Tuanze na kukosekana, kwa sababu ndiko sayansi ilikopata mshtuko mkubwa zaidi.

Mbegu za kiume hutengenezwa ndani ya mirija myembamba sana iliyojikunja ndani ya korodani. Zikikamilika kwa umbo bado hazijui kuogelea, kwa hiyo seli zinazozilea humwaga majimaji mengi yanayozisukuma kwenda nje. Safari inaanzia hapo. Mbegu huelea kwenye majimaji hayo mpaka kwenye kundi la vifereji vidogo vinavyotoka juu ya korodani, kisha huingia kwenye epididimisi, mrija mmoja ulioviringana ambao ukinyooshwa hufika kama mita 6. Humo ndimo zinapokomaa, zinapopata uwezo wa kuogelea, na ndimo zinapongoja.

Sasa yale majimaji yaliyozisukuma yamekuwa tatizo. Yakiingia yote kwenye epididimisi, mbegu zitafika zikiwa zimetawanyika ndani ya maji mengi, mahali ambapo zilitakiwa zisongamane. Lazima yanyonywe njiani. Kazi hiyo hufanywa na vile vifereji vidogo, ambavyo hurudisha mwilini zaidi ya asilimia 90 ya majimaji yote. Waliosafiri kwa jahazi wanajua kwamba chombo cha mbao hakikosi kuingiza maji, na usalama wake uko kwa wafua maji wasiochoka. Vifereji hivi ndio wafua maji wa korodani, na aliyewapa amri ya kufanya kazi alikuja kujulikana mwaka 1997.

Mwaka 1993 huko North Carolina, Marekani, Dennis Lubahn, Oliver Smithies, Kenneth Korach na wenzao walitengeneza panya wasio na kipokezi kikuu cha estrojeni. Homoni walikuwa nayo, ila seli zao hazikuweza kuisikia. Wengi walidhani viumbe wa namna hiyo wangefia tumboni. Walizaliwa, wakakua. Majike walikuwa wagumba, jambo lililotarajiwa. Lililowashangaza watafiti ni kwamba madume nao walikuwa wagumba. Mbegu zao zilikuwa chache na zisizo na nguvu ya kuogelea, na hata zilipowekwa pamoja na mayai kwenye chombo cha maabara hazikuweza kuyarutubisha. Korodani za panya hao zilivimba kwanza, kisha kadiri walivyozidi kukua zikasinyaa.

Rex Hess wa Chuo Kikuu cha Illinois ndiye aliyetazama mahali palipopuuzwa. Alichukua vipande vya vile vifereji kutoka kwa panya wa kawaida na kutoka kwa panya wasio na kipokezi, akavifunga ncha zote mbili ili majimaji yasipate pa kuingia wala pa kutokea, akangoja. Vya panya wa kawaida vilinywea, maana kuta zake zilinyonya kilichokuwamo ndani. Vya panya wasio na kipokezi vilivimba. Kumbe mambo yote yalikuwa hapo. Bila amri ya estrojeni, seli za kuta haziundi vya kutosha zile pampu zinazovuta chumvi kutoka kwenye majimaji, na chumvi isipovutwa, maji hayaifuati. Majimaji yakarudi nyuma, yakajaa kwenye korodani, shinikizo likapanda, na mirija inayotengeneza mbegu ikaharibika polepole. Mbegu chache zilizopita zilifika kwenye epididimisi zikiwa zimekwisha kuchoka.

Lilibaki swali moja gumu. Je, mbegu zenyewe hazikuwa mbovu tangu mwanzo? Mwaka 2000 kundi la Mitch Eddy, akiwamo Korach, lilijibu kwa jaribio ambalo kwangu ni zuri kuliko yote katika habari hii. Walitoa seli zinazozaa mbegu kutoka kwa panya wasio na kipokezi, wakazipandikiza kwenye korodani za panya wa kawaida ambao seli zao wenyewe za aina hiyo zilikuwa zimeondolewa kwa dawa. Seli zile za ukoo mgumba zilitengeneza mbegu, na mbegu hizo zikazaa watoto. Hazikuwa na kasoro yoyote. Zilichohitaji ni mahali panapofua maji.

Na estrojeni inayowaamuru wafua maji inatoka wapi? Sehemu yake kubwa inatoka kwenye mbegu. Watafiti walipoitafuta aromatasi kwa makini waliikuta ndani ya seli za mbegu zinazokomaa, na baadaye Serge Carreau na wenzake huko Caen, Ufaransa, wakaionyesha kwenye mbegu za binadamu. Mbegu husafiri zikitengeneza homoni inayozitayarishia njia. Ndiyo maana majimaji yanayotoka kwenye korodani za panya dume yana estrojeni nyingi kuliko damu yake mwenyewe.

Hapa nimzuie msomaji kidogo, maana najua akili inakokimbilia. Ule wepesi wa manii ambao wanaume wengi huuona kwa macho na kuuhofia hauhusiani na maji haya. Karibu manii yote hutoka kwenye tezi dume na kwenye vifuko vilivyo jirani yake. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno ya kile kinachoonekana. Manii mazito yanaweza kuwa hayana mbegu hata moja, na yaliyo mepesi yakawa na mamilioni. Jicho halitoshi kuamua. Anayeuza mitishamba ya kuyafanya manii kuwa mazito anauza kitu kisichoulizwa.

Binadamu si panya, na waliokosa kabisa amri ya estrojeni ni wachache mno duniani. Lakini wapo, na mmoja wao alibadilisha vitabu. Mwaka 1994 Eric Smith na wenzake wa Cincinnati walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye kipokezi chake cha estrojeni kilikuwa kimeharibika tangu kuzaliwa. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka, kwa kuwa ni estrojeni inayofunga ncha za mifupa baada ya balehe, kwa wavulana kama ilivyo kwa wasichana. Mifupa yake kwa kipimo cha ukomavu ilikuwa ya kijana wa miaka 15, tena imepungua uzito kama ya mzee. Kwa sura alikuwa mwanamume kamili, ndevu na sauti na kila kitu. Mbegu zake zilihesabiwa zikawa milioni 25 kwa kila mililita, idadi isiyotia wasiwasi. Ila zilizokuwa hai zilikuwa asilimia 18 tu.

Mtu mmoja hawezi kubeba uzito wa sheria kwa wote. Ninachokichukua kwake ni kwamba wingi wa mbegu na ubora wa mbegu ni mambo mawili, na kwamba mwanamume anaweza kuwa na kila dalili ya uanaume huku mbegu zake zinakufa.

Hata hamu ya tendo la ndoa haitegemei testosteroni peke yake. Mwaka 2013 Joel Finkelstein na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa wanaume karibu 400 waliokubali kuzimiwa homoni zao kwa dawa, kisha wakarudishiwa testosteroni kwa viwango mbalimbali, baadhi yao wakizuiwa kuigeuza kuwa estrojeni. Waliozuiwa walipungukiwa na hamu zaidi, na waliongezeka mafuta mwilini, ingawa testosteroni walikuwa nayo. Natamani kila anayetangaza dawa za kuongeza nguvu za kiume kwa kufukuza homoni za kike angeusoma utafiti huo.

Upande wa pili, wa estrojeni kuzidi, ndio unaowakuta wanaume wengi zaidi. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, inayopokea maagizo kutoka hipothalamasi na kupeleka korodani homoni mbili: moja ya kuzifanya zitengeneze testosteroni, nyingine ya kusaidia uzalishaji wa mbegu. Ubongo hujuaje kwamba testosteroni imetosha? Kwa sehemu kubwa hupima estrojeni inayotokana nayo. Estrojeni ikipanda, ubongo huamini kwamba korodani zimefanya kazi ya kutosha, na hupunguza maagizo.

Sasa mchukue mwanamume ambaye kitambi kimezidi. Mafuta yale hayajakaa bure; yana aromatasi, na kila siku yanageuza sehemu ya testosteroni yake kuwa estradioli. Ubongo unaiona estradioli, unapunguza maagizo, korodani zinapunguza testosteroni. Testosteroni ikishuka, mafuta huongezeka kwa urahisi zaidi, na mzunguko unajilisha. Ini likiwa bovu, kwa pombe au kwa homa ya ini, mambo huharibika zaidi, na ndiyo sababu mojawapo ya matiti kuvimba kwa wanaume wenye ini lililosinyaa.

Halafu wapo wanaoliingia tatizo kwa miguu yao wenyewe, na hawa wananiumiza moyo kwa kuwa wengi ni vijana. Anakwenda kunyanyua vyuma, anaambiwa achome testosteroni, misuli inajaa, anajiona dume kuliko jana. Ndani ya korodani zake kumekauka. Testosteroni ya ndani ya korodani hutakiwa iwe makumi ya mara kuliko ile ya kwenye damu, na haiwezi kufikishwa huko kwa sindano ya mkono wala ya tako. Sindano imeujaza ubongo homoni, nyingine ikiwa ni estrojeni iliyotokana na dawa ileile, na ubongo umefunga bomba. Hili si la kukisia. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio la wanaume 271 katika nchi 7 waliodungwa testosteroni kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango. Zaidi ya nusu yao walifika mahali pa kutokuwa na mbegu hata moja. Dawa ambayo kijana anaitafuta ili awe mwanamume zaidi ilijaribiwa, na ikafanya kazi, kama kizuia mimba.

Wengi hupona wakiacha, lakini huchukua miezi mingi, na kwa baadhi hata zaidi ya mwaka. Wakati huo huwa wameshaoa. Mke ndiye anayeanza kuulizwa. Anapelekwa kupigwa picha ya mirija, anasafishwa kizazi, anakunywa dawa za kila bibi wa mtaa, mawifi wananong'ona, na mume hajawahi hata siku moja kutoa manii yapimwe. Katika karibu nusu ya ndoa zinazosumbuka kupata mtoto, mwanamume anachangia, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo chake ni rahisi, hakina sindano wala kisu, na kinapaswa kutangulia mengi ya yale anayofanyiwa mwanamke. Kumpasua mke kabla ya kumpima mume ni dhuluma, na sioni jina jingine la kuiita.

Kipimo chenyewe kinataka siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kikombe safi, na kufika maabara ndani ya saa moja, kikombe kikiwa karibu na mwili ili kisipoe. Mtaalamu huyaacha manii yayeyuke, kisha hutazama kwa hadubini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mipaka ya chini ya mililita 1.4 za manii, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 zinazocheza. Aliye chini ya hapo hajahukumiwa ugumba. Uwezekano umepungua tu, na kipimo hurudiwa kabla ya kusema lolote.

Mbegu zikiwa chache mno, daktari ataagiza homoni, na hapo ndipo estrojeni huonekana kwenye karatasi. Tuseme imeandikwa testosteroni nanogramu 300 kwa desilita, estradioli pikogramu 45 kwa mililita. Kila moja ikitazamwa peke yake, haitishi sana. Gawanya 300 kwa 45: unapata kama 6.7. Peter Schlegel na wenzake wa New York walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba wapo wanaume wagumba ambao uwiano huu uko chini ya 10, na kwamba wakipewa dawa za kuzuia aromatasi, kama vile anastrozoli, uwiano hupanda na kwa wengine mbegu huongezeka. Njia nyingine ni klomifeni, inayouziba ubongo usiione estrojeni ili uendelee kupeleka maagizo. Mwanamume anayetumwa na cheti cha klomifeni asishangae mfamasia akimwuliza kama amekosea na kuleta cheti cha mkewe, kwani vidonge ni vilevile vya kupevusha mayai. Dawa hizi hazimfai kila mtu. Aliyezibwa mirija na makovu ya kisonono kisichotibiwa hazitamfungulia njia. Na kuishusha estrojeni mpaka chini kabisa ni kujitafutia mifupa ya yule mwanamume wa Cincinnati, kwa hiyo mtu asijinunulie dukani.

Kuhusu plastiki na kemikali nitasema machache, kwa kuwa kelele zake zimekuwa kubwa kuliko nafasi yake katika chumba cha daktari. Hofu hiyo ina msingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ana Soto na Carlos Sonnenschein, Boston, waliona seli za saratani ya matiti zikizaana bila kupewa estrojeni, wakafuatilia mpaka wakagundua kwamba mirija ya plastiki ya maabara yao ilikuwa ikivujisha kemikali inayoiga homoni hiyo. Tangu hapo kemikali za namna hiyo zimepatikana nyingi. Lakini kwa mwanamume mmoja anayetafuta mtoto, kitambi, sindano za misuli, sigara, na mishipa iliyovimba kwenye korodani ni mambo yanayoweza kushughulikiwa mwaka huu. Soya nayo imesingiziwa mno. Tafiti zilizojumlishwa pamoja hazikuona ikishusha testosteroni ya wanaume wala kupandisha estrojeni yao, kwa hiyo uji wa lishe unyweke kwa amani. Dawa fulani ndizo za kuangaliwa: spironolaktoni, simetidini, na efavirenzi iliyotumiwa na maelfu ya watu wetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambayo kwa baadhi ya wanaume ilileta uvimbe wa matiti. Anayeona dalili hiyo amwambie mhudumu wake abadilishiwe. Asiache ARV kamwe kwa uamuzi wake.

Aliyeanza matibabu leo ajue pia kalenda ya korodani. Mbegu moja huchukua kama siku 74 kutengenezwa, na wiki moja au mbili zaidi kupita kwenye epididimisi. Mbegu atakazozitoa wiki ijayo zilianza kuundwa kabla hajamwona daktari, kabla hajapunguza uzito, kabla hajaacha sindano. Kupima tena baada ya wiki tatu ni kupoteza fedha na kujivunja moyo. Kipimo cha maana ni kile cha baada ya miezi mitatu.